Kipande cha Thelathini na Mbili

Zena binti Mbaraka alikuwa na ulimi mtamu, na ulimi huo ndio uliomponza. Si kwamba alikuwa mtoto mbaya. Akitumwa kisimani alikwenda, akipewa mpunga uliotwangwa apepete alipepeta mpaka ukabaki mchele mtupu. Ila popote alipotoka ilikuwa lazima arudi na habari, na habari ya Zena haikuja utupu; aliivika kanzu, akaipaka uturi, na ilipomfikia msikilizaji hata wazazi wake wasingeitambua. Akiona kenge, basi amekutana na mamba. Akisikia mtu anakohoa nyumba ya jirani, yule mtu keshakata roho na kaburi linachimbwa.

Watu wa upande ule wa Msimbu walimvumilia mpaka mwaka uliofuata kutawazwa kwa Malkia wa Waingereza. Mwaka huo Zena alikuja na habari ya sukari. Alisema gari moshi limepinduka huko karibu na Soga, mabehewa yamelala ubavu, magunia ya sukari yamepasuka na watu wanajichotea kwa ndoo. Alipoulizwa nani kamwambia, alijibu bila kupepesa macho kwamba mjomba wake wa Misugusugu amepita na baiskeli. Alfajiri wanawake wakajitwika vikapu. Bibi yake, Mboni, aliyemlea tangu mama yake alipoolewa kwingine, hakutaka kuachwa nyuma, na magoti yake mabovu vilevile. Wakatembea kutwa. Walipoifikia reli waliambiwa gari moshi limepita salama salimini, na mtu wa stesheni waliyemuuliza habari za sukari aliwatazama kwa huruma, akawakaribisha maji ya kunywa.

Tangu siku hiyo akaitwa Zena Sukari. Uongo wenyewe nao ukapata jina: mtu akitia chuku barazani, wenzake humwambia, "Hiyo sukari hiyo." Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini njia ya Zena ilikuwa ya kutwa nzima kwenda na kutwa nzima kurudi, na kila aliyeitembea aliikumbuka.

Shule aliyosoma ilikuwa nyumba ya udongo yenye vyumba viwili. Darasa la nne lilikuwa na wasichana wawili tu, yeye na Tatu, rafiki yake mwenye sauti ndogo, waliokaa dawati moja kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kukaa nao. Mwalimu wao, Mwishehe, alikuwa kijana aliyetoka Kisarawe mjini, mwenye kaptula iliyonyooka kwa pasi na mapenzi makubwa ya hesabu. Wavulana walimwogopa kidogo na kumpenda zaidi. Aliyeng'aa kuliko wote mbele yake ni Husseini, mwana wa fundi seremala, ambaye hata madaftari yake yalipangwa kama mbao za baba yake.

Siku moja wazee walikuja kuezeka paa la shule upya, na makuti yaliyooza yakaanza kudondoka juu ya madawati. Mwalimu Mwishehe akalitoa darasa lake uwanjani, penye mchanga uliofagiliwa.

"Leo ubao wetu ni huu hapa chini," alisema. Akachora duara kubwa kwa kijiti. "Hili ni shamba. Ukingoni nachomeka kijiti kimoja. Shamba lina vipande vingapi?"

"Kimoja!" darasa likaitikia.

"Naongeza kijiti cha pili. Navuta mstari kutoka hiki mpaka kile."

"Viwili!"

Akachomeka cha tatu, akavuta mistari mpaka kila kijiti kikaunganishwa na kila mwenzake. Vipande vinne. Vijiti vinne vikatoa vipande vinane. Kwa vijiti vitano mistari ilianza kuchanganya macho, basi Mwalimu akawa anaweka kokoto moja ndani ya kila kipande ili kisihesabiwe mara mbili. Zikatimia kokoto kumi na sita.

Husseini alikuwa keshasimama. "Mwalimu, inakwenda mara mbili mbili! Moja, mbili, nne, nane, kumi na sita. Vijiti sita vitatoa thelathini na mbili. Saba vitatoa sitini na nne."

Mwalimu Mwishehe akatabasamu mpaka gego. Hilo ndilo alilokuwa akilingojea. "Ahsante, Husseini. Sasa gawanyikeni, mchore maduara ya vijiti sita, mhakikishe."

Zena na Tatu walikwenda kwenye kona ya uwanja, karibu na mafungu ya makuti mapya. Duara lao lilikuwa la ovyo, limebonyea upande mmoja kama chungu cha mwanafunzi, na vijiti walivichomeka walipoona pana nafasi. Tatu alichora, Zena akaweka kokoto. Alipomaliza, akaziokota moja moja huku akihesabu.

"Thelathini na moja," alisema.

"Umeruka moja."

Wakarudia. Safari hii Tatu ndiye aliyeweka, kwa makini, hata kile kipande kidogo cha katikati ambacho kokoto iliingia kwa kusukumwa na ukucha. Thelathini na moja.

Kutoka upande wa pili wa uwanja zilisikika sauti za wavulana: thelathini na mbili, thelathini na mbili. Tatu akamwinamia mwenzake sikioni. "Na sisi tuseme hivyohivyo. Wote wamepata."

Zena alizitazama zile kokoto. Kama ni kusema tu, kusema kungemgharimu nini? Amekwisha kusema mengi makubwa kuliko hilo. Lakini yale mengine aliyasema kwa sababu yalikuwa matamu mdomoni, na hili la thelathini na mbili halikuwa na utamu wowote. Lilikuwa la watu wengine. Alipoitwa, akajikuta amesimama.

"Sisi tumepata thelathini na moja, Mwalimu."

Uwanja ukalipuka. "Sukari hiyo! Sukari!" Hata mzee mmoja aliyekuwa juu ya paa alisitisha kufunga kuti lake akacheka. Mwalimu aliwanyamazisha kwa mkono, lakini pembe za mdomo wake nazo zilikuwa zikicheza.

"Zena," alisema kwa upole, "hesabu haina chuku. Rudi ukahesabu tena."

Akarudi. Akakuta wale wazee wameburuta mafungu ya makuti kupita palepale, na duara limefutika lote, kimebaki kijiti kimoja kimelala. Kengele ikapigwa kabla hajapata pa kuanzia.

Njia nzima ya kurudi nyumbani hakumsimulia mtu neno. Kucheka walikomcheka hakukumuuma sana, alikuwa amezoea. Kilichomuuma ni ule upole wa Mwalimu, upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa ambaye ugonjwa wake unajulikana.

Bibi Mboni alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, anachambua kunde ndani ya ungo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona leo unaingia kimya? Huko njiani hakuna aliyekufa?"

Zena akakaa chini, akamweleza yote: shamba, vijiti, kokoto, kicheko. Akamaliza kwa kuuliza, "Wewe unaniamini, bibi?"

"Hata kidogo," alijibu Mboni, macho yake yakiwa kwenye kunde. "Magoti yangu haya bado hayajarudi kutoka Soga." Akapuliza maganda, akageuka. "Lakini macho ninayo. Chora nione."

Zena alirukia kazi hiyo kwa bidii zote. Safari hii hakutaka duara la ovyo. Alichukua kamba ya mbuzi, akaifunga kwenye mambo aliyoichomeka ardhini, akazunguka nayo mpaka akapata duara zuri kama sinia. Akaipima nafasi kati ya kijiti na kijiti kwa kamba ileile ili vyote sita vilingane. Mistari aliinyoosha kwa mwiko wa ugali. Ilipokwisha, ua lile zuri la mistari lilimpendeza yeye mwenyewe.

Bibi Mboni akasogeza kigoda, akaanza kudondosha kunde, moja kila kipande, akihesabu kwa sauti. Hakuwa amesoma, lakini hesabu ya mavuno hakumwachia mtu.

"Thelathini," alisema, akajifuta mikono.

"Na moja," alisema Zena.

"Hiyo moja iko wapi? Nionyeshe niiwekee kunde."

Zena akainama. Akazunguka duara kwa magoti, kunde hadi kunde. Kila kipande kilikuwa na yake. Akazunguka tena. Pengine wenzake walicheka kwa haki. Pengine ulimi wake ulikuwa umezoea mno, hata sasa unamdanganya na mwenyewe bila kumwomba ruhusa. Alitamani kusema kwamba kuku amedonoa kunde moja, na kuku kweli alikuwa palepale, angeshuhudia bila ubishi. Maneno yakamfika kooni. Kisha akaona bibi yake anamtazama yeye, wala si duara, akayameza.

"Siioni," alisema.

Mboni akarudia ungo wake.

Zena alibaki amechuchumaa hapo mpaka kivuli cha jiko kikafika kwenye vijiti. Alikuwa akitazama katikati ya duara. Mistari mitatu mirefu, ile inayovuka shamba kutoka upande hadi upande, ilikutana mahali pamoja, ikafungana kama fundo. Akaikumbuka ile kokoto ambayo Tatu aliisukuma kwa ukucha. Kule shuleni mistari hiyo mitatu ilikuwa imepishana. Ilipopishana, iliacha katikati kijishamba cha pembe tatu.

Akang'oa kijiti kimoja, akakisogeza pembeni kidogo, akafuta mistari yake na kuichora upya. Pale katikati fundo likafunguka.

"Bibi! Njoo na kunde!"

Mboni akaja, akaiona nafasi, akaiwekea kunde yake. Wakahesabu wote wawili pamoja. Thelathini na moja.

"Na hiyo ya mwalimu, ya thelathini na mbili?" aliuliza bibi.

Wakaitafuta. Zena alisogeza kijiti huku, akakisogeza kule, akalibonyeza duara, akalivuta. Mara thelathini, mara thelathini na moja. Zaidi ya hapo shamba lilikataa.

"Basi yake kaiweka wapi?" alisema Mboni, na kwa jinsi alivyosema Zena alijua kwamba alikuwa anauliza kweli.

Asubuhi, njiani, alimweleza Tatu. Tatu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Hiyo ya thelathini usiitaje. Jana jibu moja, leo mawili? Watasema huna pa kusimama. Shikilia thelathini na moja."

Ulikuwa ushauri mzuri, na Zena aliubeba mpaka mlangoni mwa shule. Mwalimu Mwishehe alikuwa anafuta ubao.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Zena."

"Mwalimu, jana nilipata thelathini na moja. Nyumbani nimechora tena, nikapata thelathini. Halafu thelathini na moja. Thelathini na mbili sijaipata."

Mwalimu akaiweka dasta chini. Alikuwa na jibu tayari, la upole kama la jana, lakini halikutoka.

"Mbona unaniambia na hiyo ya thelathini? Huoni kwamba inakuharibia?"

"Ndivyo ilivyokuwa, Mwalimu."

Darasa lilipojaa, hakuanza somo la siku hiyo. Alimwita Husseini asimame. "Jana kundi lenu lilipata ngapi?"

"Thelathini na mbili, Mwalimu."

"Mlihesabu kokoto?"

Husseini akakwaruza sakafu kwa kidole cha mguu. Alikuwa mvulana wa majivuno, lakini mwongo hakuwa. "Tulihesabu. Zilikuwa thelathini. Tukajua tumekosea, tukaongeza mbili."

"Mlichoraje duara?"

"Kwa kamba, Mwalimu. Tulipima nafasi zote zikalingana."

Zena akamgusa Tatu kwa kiwiko.

"Na nyie?" Mwalimu akaligeukia kundi la nyuma.

"Sisi hatukuhesabu, Mwalimu. Tulikuwa tunajua."

Wakatoka nje wote. Mwalimu alichora mwenyewe, duara kubwa kiasi cha watoto kutembea ndani yake, na vijiti sita ambavyo hakuvipima. Darasa likasimama kuzunguka, likahesabu kwa sauti moja kila kokoto ilipodondoka. Ilipofika ishirini sauti zilikuwa kubwa. Ilipofika thelathini zilianza kupungua. Thelathini na moja ilisemwa na wachache, na baada yake Mwalimu alibaki ameshika kokoto moja mkononi, hana pa kuiweka.

"Mwalimu," alisema mvulana mmoja mbele, kwa nia njema kabisa, "gawa kile kikubwa."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Mwishehe akachuchumaa, kaptula yake iliyopigwa pasi ikagusa vumbi.

"Chuoni," alisema, "tulifika vijiti vitano. Kumi na sita. Nikaona njia imenyooka, sikwenda kuangalia mbele kuna nini." Akanyanyua macho. "Zena, jana nilikuambia hesabu haina chuku. Chuku ilikuwa yangu."

Zena hakujua mikono yake aiweke wapi. Kusifiwa alikuwa amesifiwa, kwa ngoma na kwa kupepeta. Kuaminiwa kulikuwa kitu kingine, kizito, na hakujua kama atakiweza.

Kuanzia hapo hesabu za kwenye kitabu zikasogezwa kando kila siku kidogo. Swali halikuwa tena ni vipande vingapi. Swali likawa kwa nini. Watoto walichora wakati wa mapumziko, walichora wakichunga mbuzi, na wengine walikaripiwa na mama zao kwa kuharibu nyua zilizofagiliwa.

Tatu, ambaye sauti yake ilikuwa haijawahi kusikika kwenye dawati la nyuma, ndiye aliyeona jambo la kwanza. Alikuwa anavuta mstari polepole na kijiti, akasimama katikati. "Tazama," alimwambia Zena. "Mstari ukiingia, unakata kipande kimoja kuwa viwili. Ukivuka mstari mwingine, unaingia kipande kingine, unakikata nacho. Basi kila mstari unaleta kipande kimoja, na kila njia panda inaleta kimoja."

Wakajaribu kwa vijiti vitano: shamba zima ni moja, mistari kumi, njia panda tano. Kumi na sita. Kwa sita: moja, mistari kumi na mitano, njia panda kumi na tano. Thelathini na moja. Na pale mistari mitatu inapokutana mahali pamoja, wa tatu unavuka miwili kwa mkupuo, basi kipande kimoja kinapotea. Husseini alipoelewa hilo alijipiga paji la uso. Yeye na Zena walikuwa wamekipoteza kwa kuchora vizuri mno.

Husseini naye hakulala. Siku chache baadaye alikuja na lake: ili mistari miwili ikatizane inahitaji vijiti vinne, na kila vijiti vinne vinatoa njia panda moja tu. Kwa hiyo njia panda zinaweza kuhesabiwa bila hata kuchora. Akaandika ubaoni kwa vijiti saba: shamba moja, mistari ishirini na mmoja, njia panda thelathini na tano.

"Hamsini na saba," alisema. Kisha akaongeza, na Zena alisikia jinsi ilivyomgharimu, "Si sitini na nne, kama nilivyosema."

"Tutaona," alisema Mwalimu.

Walichora duara la vijiti saba asubuhi nzima. Darasa la tatu wakaja kutazama. Kokoto zilipokwisha kuwekwa, Husseini na Zena walizihesabu kwa pamoja, kila mmoja upande wake, na jumla ikawa hamsini na sita. Manung'uniko yakapita. Mmoja akasema imekaribia, iongezwe moja yaishe.

"Iongezwe wapi?" aliuliza Zena. "Nionyesheni mahali pake."

Wakapiga magoti, darasa zima, pua karibu na mchanga. Ilikuwa ni Husseini aliyeiona: karibu na kijiti kimoja, mistari miwili ikienda sambamba kama imeogopana, na katikati yake kipande chembamba kama punje ya mchele. Kokoto haikuingia. Zena akaokota jani kavu, akalikata kwa meno, akaweka chembe yake ndani.

Vigelegele vya siku hiyo viliwatoa watu mashambani. Mtu mmoja alifika mbio akidhani kuna harusi, akaonyeshwa mistari mchangani, akaondoka akisonya.

Nje ya shule mambo hayakubadilika sana. Barazani jina la Zena Sukari liliendelea, na mwenyewe hakuacha mara moja kuzivika habari kanzu; tabia si vazi la kuvua usiku mmoja. Ila bibi yake aligundua kwamba siku hizi akisimulia jambo hufika mahali akasita, akasema, "Hapa sikuona, niliambiwa," ndipo aendelee. Na Mboni, ambaye hapo kwanza alikuwa akisikiliza kwa sikio moja, alianza kugeuza na la pili.

Siku moja wakati wa kufunga shule, Husseini aliwakuta Zena na Tatu wanaosha vibao vyao.

"Vijiti nane je?" aliuliza. "Vitatoa ngapi?"

Wavulana wengine waliokuwa nyuma yake wakasogea. Wote walimtazama Zena, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza kitu akakosa jibu la papo kwa papo. Naye alihisi jibu linakuja, la haraka, la mviringo, tamu.

"Sijui bado," alisema, akaenda kutafuta kijiti.